Kicheko cha Ijumaa Saa Kumi

Nyamasaria, Jumapili jioni

Awuor mwanangu,

Barua yenye adabu huanza kwa kuulizia hali. Yako naijua. Uko upande wa pili wa ukuta huu, unapiga pasi blauzi nyeupe kwa mara ya pili, na kola umeianza kwenye ncha ukienda katikati kama nilivyokufundisha, kwa hiyo hali yako ni nzuri. Yangu pia ni nzuri, ila mguu wa kulia, ule wa pedali, umeanza kudai likizo ambayo hakuna mtu aliyeuahidi.

Mambo ya sufuria, blanketi, mafuta ya taa na vijana wa Naivasha mama yako amekwisha kuyaandika, karatasi mbili, pande zote. Sina la kuongeza hapo. Hata ningekuwa nalo ningeogopa.

Ninaandika kwa sababu ya jambo ulilosema Ijumaa. Nilikuwa nakutania tu, nikakuuliza huko Naivasha kwenye ukumbi wa kufunga maua watu huwa wanacheka saa ngapi. Ukaniangalia kwa yale macho ya nyanya yako, ukasema, "Baba, mimi naenda kufanya kazi. Siendi kucheza."

Nilicheka. Mama yako akacheka. Kisha nikatoka nje kujifanya natazama kuku, maana maneno hayo nayafahamu. Ni yangu. Niliyasema mimi mwenyewe, nimesimama wima, mbele ya mafundi kumi na wanane, na nusura yawakoseshe wote kazi, mimi nikiwa wa kwanza. Sasa kesho unakwenda kuwa supavaiza wa watu arobaini, wewe wa miaka ishirini na mmoja, na maneno yangu umeyabeba kwenye sanduku bila mimi kujua ni lini niliyapakia. Nataka kuyatoa kabla hujafunga zipu.

Wakati huo ulikuwa darasa la tatu. Karakana ya Mama Njoki unaijua, ile nyuma ya soko tunakoshona sare za shule mpaka leo. Mama Njoki mwenyewe unamkumbuka kama yule mama mkubwa aliyekupa peremende na kukufinya shavu. Alikuja Kisumu kutoka Murang'a akiwa bado kijana, akanunua cherehani kimoja, kikazaa cha pili, na kufikia wakati huo vilikuwa kumi na vinane. Dholuo, lugha yetu, alikijua cha sokoni, chenye haraka na bila salamu ndefu.

Mimi nilikuwa fundi wa kawaida pale kwa miaka minane, na nikwambie ukweli, sikuwa fundi mzuri sana. Mashati yangu yalikuwa sawa. Suruali zangu ndizo zilikuwa na tabia ya kugeukia upande mmoja, kama mtu anayesikiliza siri za jirani. Nadhani ndiyo sababu nilipandishwa cheo.

Lakini ngoja kwanza nikusikilizishe karakana ilivyokuwa kabla yangu. Pakruok sihitaji kukueleza, umekulia ndani yake: muziki ukiwa umekolea, mtu anausimamisha, anajisifu yeye na rafiki zake kwa majina ya kujibandika, watu wanashangilia, muziki unaendelea. Kwetu vyerehani ndivyo vilivyokuwa muziki. Ukiwa na neno, unagonga mkasi kwenye chuma mara tatu, tak tak tak, na miguu yote inaacha pedali. Kimya. Kisha Ouma, fundi wetu wa kukata, anainua mkasi juu kama fimbo ya askofu.

"Mimi Ouma wa Nyakach! Mkasi unaokata kitambaa na kivuli chake! Leo nakata kaptura za darasa la kwanza, ndogo mpaka ukizianika watu wanadhani ni leso! Donge?"

Yaani, si kweli? Na wote tunajibu, "Donge!" Kisha vyerehani vinaruka tena, kwa kasi zaidi, kana kwamba vimekunywa chai.

Au Nyar Seme, yule mama wa kutengeneza tundu za vifungo, ambaye jina lake halisi sikulijua kwa miaka minne kwa sababu kila mtu alimwita hivyo tu, binti wa Seme. Yeye hakuinua sauti. "Mimi Nyar Seme. Tundu zangu zimenyooka kuliko wanaume wa hapa. Donge?" Wanaume ndio waliojibu kwa nguvu.

Basi Mama Njoki akanifanya supavaiza, akanipeleka semina Nairobi, siku tano, usimamizi wa kisasa. Awuor, nilinunua tai. Mwalimu wetu alikuwa kijana mwembamba, anaongea akitembea, na alituambia kwamba adui wa kazi ni dakika zinazovuja. Nilirudi Kisumu na saa ya kupimia mbio, kama ya mwalimu wa michezo, nimeining'iniza shingoni juu ya tai. Siku tatu nzima nilikaa mlangoni nikipima. Kila mkasi ulipogonga nilibonyeza. Nikajumlisha, nikazidisha kwa mwaka, nikapata kwamba siku tunazopoteza ni nyingi kiasi kwamba nilishangaa zile nguo zote tulizishona lini.

Siku ya nne nikasimama mbele yao. Nikasema, "Hapa tunakuja kufanya kazi. Hatuji kucheza. Pakruok ni marufuku, na maneno yasiyo ya kazi ni marufuku."

Hapo ningeishia, ningekuwa mkali tu, na ukali watu wanauzoea. Lakini mimi nilitaka pia kupendwa. Semina ilikuwa imesema mfanyakazi mwenye furaha hufanya kazi zaidi. Kwa hiyo nikatangaza kwamba kila Ijumaa, kuanzia saa kumi hadi saa kumi na nusu, kutakuwa na Kipindi cha Furaha. Watu wawili kwa zamu watatoa kichekesho. Kutakuwa na daftari la mahudhurio.

Ouma akainua mkono. "Supavaiza, na mtu akisahau kucheka?"

"Ataandikwa," nikasema.

Nilisema hivyo, mwanangu. Sikuwa natania.

Ijumaa ya kwanza nilifungua kipindi mwenyewe kwa kichekesho nilichokinakili Nairobi, cha meneja aliyekwama ndani ya lifti. Nilikisoma kutoka kwenye daftari, polepole, ili kisipotee. Nilipomaliza Nyar Seme, kwa huruma, akauliza, "Sasa huyo mtu alishukia gorofa ya ngapi?" Nikaandika kwenye daftari: kipindi kimefanyika.

Baada ya wiki mbili karakana nzima ikaanza kuumwa tumbo. Hakuna aliyekwenda choo peke yake. Walikwenda wawili wawili, watatu watatu, na huko nyuma ya ukuta ulisikia kicheko kimebanwa kwa viganja, kisha mlango, kisha watu wenye nyuso za kanisani wakirudi kwenye vyerehani vyao. Foleni ikawa ndefu kuliko ya mahindi ya msaada. Nikapima foleni hiyo pia. Halafu nikahamisha kiti changu. Hebu nione vizuri akilini mwako: mtu mzima, ametoka semina Nairobi, amekaa kwenye kiti mlangoni pa choo, tai shingoni, na saa ya mbio mkononi.

Usidhani nilikuwa hivyo kazini tu. Cheo kile kilinifanya niamini kwamba hata raha ina namna yake ya kisasa na mimi nimekuwa nikiikosea. Unaikumbuka ile Jumapili ya Dunga, ufukweni? Wengine walikuwa wamekaa juu ya mitumbwi iliyopinduliwa, wanakula samaki kwa mikono na kubishana kuhusu mpira. Mimi nilikodi viti vya plastiki, nikavipanga mstari mmoja, tukaketi tukilitazama ziwa kama watu wanaosubiri kuitwa na daktari. Nilikukataza kukimbia kwa sababu ya viatu. Picha tuliyopiga iko kwenye albamu. Hakuna hata mmoja wetu anayetabasamu, na mama yako anaangalia pembeni, kwa wale wa mitumbwini. Raha ya siku ile niliikodi, nikaipanga, nikaipiga picha, na haikufika.

Wakati hayo yote yanatokea Mama Njoki alikuwa kwao Murang'a kwa mazishi ya dada yake. Aliporudi alisimama mlangoni na kiondo chake begani, akatazama ndani kwa muda mrefu.

"Omolo. Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, Mama."

"Basi hii ni nini? Hata matanga yenu iko na kelele kuliko hii."

Nikamweleza habari za dakika. Alinisikiliza mpaka mwisho, na hilo peke yake lilipaswa kunitisha. Kisha akafunga mlango wa ofisi.

"Sikia, supavaiza wangu. Kuna mtu anataka hii nyumba aweke marobota ya mitumba. Ananiuliza kila siku. Shule tatu zinafungua Jumatatu baada ya wiki mbili. Wakipokea sare iko sawa, nabaki na mafundi. Wakikataa, nafunga hii kazi, naweka marobota, na hao watu wote unawaambia wewe, si mimi. Umeelewa?"

Nilielewa. Tatizo ni kwamba nilielewa vibaya. Badala ya kuondoa marufuku, nikaiongeza. Nikasema hata kunong'ona basi. Watu kumi na wanane, na ada za shule za watoto wao, na wewe ukiwemo, vyote nikavikabidhi kwa kimya, nikiamini kimya ndicho kazi.

Sasa nikwambie kitu kidogo cha ufundi, kwa sababu bila hicho hutanielewa. Mkono wa shati una kushoto na kulia. Kitambaa nacho kina uso na mgongo. Ukikikunja uso kwa uso ndipo ukate, unapata jozi. Ukikipanga chote kimetazama juu, unapata mikono ya upande mmoja tu, mizuri sana, na isiyo na maana. Jumanne ya wiki ya mwisho Ouma alikata mikono ya mashati ya shule zote tatu. Alikuwa amekata maelfu maisha yake yote. Lakini zamani alikata akijisifu, akitangaza kila rundo kwa jina, na sisi sote tulisikia anachofanya hata bila kusikiliza. Siku hiyo alikata kimya, mawazo yake yako Nyakach kwa ng'ombe aliyekuwa mgonjwa, na kitambaa kikiwa kimetazama juu.

Mikono huwekwa mwisho, kwa hiyo hakuna aliyejua. Isipokuwa mmoja.

Ijumaa saa kumi nikagonga kengele. Zamu ilikuwa ya Nyar Seme. Akasimama, akafumbata mikono kama mtoto anayesoma shairi mbele ya wazazi.

"Kulikuwa na supavaiza mmoja," akasema. "Alikuwa na mashati mingi sana. Kila shati ilikuwa na mikono mbili. Zote za kushoto."

Karakana ikalipuka. Ilikuwa mara ya kwanza watu kucheka katika Kipindi cha Furaha, tangu kianze. Walijipiga mapaja. Mimi mwenyewe nilicheka, machozi yakanitoka, nikawaza, kumbe mpango wangu unafanya kazi. Nikachukua kalamu niandike kwenye daftari: wamecheka.

Nyar Seme akangoja tumalize. "Ziko pale chini ya meza ya Ouma," akasema. "Mtu yeyote anaweza kwenda kuona."

Ouma alikwenda. Aliinua mkono mmoja wa shati, akainua wa pili, akaulaza juu ya wa kwanza. Alifanya hivyo mara nne au tano. Kisha akakaa sakafuni.

"Uliona lini?" nikamuuliza Nyar Seme.

"Jumatano."

"Jumatano! Na ukanyamaza siku mbili?"

"Supavaiza, wewe ulisema hakuna maneno mpaka Ijumaa saa kumi. Nikaweka yangu vizuri, nisisahau."

Nimemuuliza mara nyingi tangu siku ile kama alifanya kwa utiifu au kwa kunikomesha. Anasema amesahau. Mwanamke anayekumbuka kifungo kilichodondoka miaka sita iliyopita!

Basi hapo ndipo nilipokuwa. Ijumaa saa kumi na robo, Jumatatu asubuhi shule zinafunguliwa, na mashati hayana mikono ya kulia. Nilikuwa na njia rahisi. Semina ilikuwa imetupa hata fomu yake: barua ya onyo kwa mfanyakazi mzembe. Ouma alikuwa pale chini, tayari kabisa kupewa. Nikafungua mdomo. Nikaona kwamba wale watu hawakuwa wanamtazama Ouma. Walikuwa wananitazama mimi, na hasa ile saa shingoni mwangu, na mtu mmoja alikuwa ananionea huruma, na hilo ndilo lililonivunja.

Nikauokota mkasi wa Ouma. Nikagonga mara tatu, tak tak tak. Lilikuwa jambo la kipumbavu, maana hakuna cherehani hata kimoja kilichokuwa kinazunguka. Nilikuwa nasimamisha kimya.

"Mimi Omolo wa Kisian!" nikasema. "Mimi niliyepiga kicheko marufuku, kisha nikakiandikia ratiba! Mimi niliyelinda choo wiki saba na hakuna mtu aliyekiiba! Mimi ninayejua kila dakika ilikopotelea, na sijui mkono wa kulia uko wapi! Donge?"

Hakuna aliyejibu. Ule ungekuwa muda mzuri wa kupima kwa saa.

Kisha kutoka sakafuni Ouma akasema, kwa sauti ndogo, "Donge."

Na wote wakapasuka. Awuor, sijawahi kuimbiwa, sijawahi kupigiwa makofi ya maana, lakini kelele ile nitaingia nayo kaburini. Nyar Seme alilala juu ya cherehani chake. Walikuwa wananicheka, hilo usiwe na shaka nalo. Walinicheka mpaka nikapona.

Nikampelekea Mama Njoki habari nikiwa na mkono wa shati kila upande, yote ya kushoto. Aliitazama, akanitazama, akasema neno la Kikuyu ambalo sikuuliza maana yake. Halafu akatoa jora la kitambaa lililowekwa kwa muhula wa pili. "Kateni," akasema.

Sasa kulikuwa na shida nyingine, ambayo ni ya kwetu kabisa. Nusu ya mafundi ni watu wa Sabato. Ouma ni wa Sabato. Nyar Seme ndiye kiongozi wa kwaya yao. "Jua likizama sigusi sindano," akaniambia, "hata kama askofu wenu anakuja bila shati." Sikubishana. Ouma alikata tangu wakati ule mpaka jua linagusa paa la soko, na safari hii kila rundo alilipigia kelele: "Kulia! Ya kulia! Mama zenu walizaa watoto wenye mikono miwili!" Akaweka mkasi chini, akanawa, akaenda Sabato yake.

Jumamosi tukashona sisi wengine. Jumapili sisi tukaenda kanisani, wao wakashika. Makundi mawili hayakukutana, kwa hiyo pakruok kati yao ikaandikwa kwa chaki ya kushonea juu ya meza ya kukatia. Watu wa Jumamosi waliacha hivi: "Sisi tumefika hapa. Nyinyi mlikuwa mnaimba, na sauti ya pili ilikuwa inakosea, tuliisikia." Jumapili baada ya ibada nilipoingia nikakuta jibu: "Sisi tuliopumzika siku ya saba tunawapita siku ya kwanza. Pindo zenu mbili zilikuwa zimepinda, tumezinyoosha kwa upendo." Na chini yake, kwa mwandiko wa Nyar Seme: "Supavaiza aruhusiwe kushona vifungo. Suruali asiguse."

Nilishona vifungo siku zote mbili. Na nikiwa pale, sina cheo, sindano mkononi, ndipo niliposikia kitu ambacho saa yangu haikuwahi kukisikia. Yale majigambo nusu yake yalikuwa habari. Mtu aliyejisifu kwamba uzi wake wa buluu utafika mpaka Busia alikuwa anatuambia unakaribia kuisha. Aliyejisifu kwamba cherehani chake kina meno kuliko mamba alikuwa anasema kinakula kitambaa, aletewe mafuta. Anayegonga mkasi kila siku na leo hajagonga, mtoto wake ni mgonjwa. Nilikuwa nimeziba masikio ya karakana, kisha nikashangaa kwa nini inajigonga ukutani.

Jumatatu asubuhi tulipakia mkokoteni. Shule mbili zilipokea bila maneno. Ya tatu, ile kubwa, mwalimu mkuu wake alikuwa mama mrefu ambaye hata wazazi walimwogopa. Alichukua shati moja katikati ya rundo, si la juu, akamvisha msichana mmoja mbele ya mstari.

"Inua mikono."

Msichana akainua. Yote miwili ikapanda juu, kushoto na kulia, bila kukunjana, bila kubana. Mwalimu mkuu akazunguka nyuma, akarudi mbele, akavuta bega.

"Vizuri," akasema. "Wapeni watoto."

Nilirudi nikikimbia na mkokoteni mtupu, tai begani, na watu wa sokoni wakinipisha wakidhani nimeiba. Mama Njoki alikuwa amesimama katikati ya karakana, mafundi wote wakitazama mlango, hakuna aliyeketi. Sikuweza kusema, pumzi ilikuwa imekwisha. Niliinua tu mikono yote miwili juu, kama yule msichana.

Wakaanza kupiga kelele, lakini zikakatwa na tak tak tak. Ulikuwa mkasi wa Ouma, na aliyeushika ni Mama Njoki. Miaka yote ile hakuwahi.

"An nyar Murang'a!" akasema, kwa Dholuo chake cha haraka. Mimi binti wa Murang'a! "Nilikuja hapa nikiogopa mwiba wa samaki! Leo niko na mafundi kumi na wanane, na sina robota hata moja! Donge?"

Paa lile ni la mabati. Nilifikiri linaondoka.

Mitumba ilikuja, unajua, ikajaa soko zima, na karakana nyingi za mjini zikafunga. Yetu haikufunga. Sasa ina vyerehani ishirini na sita, na ndivyo vilivyokusomesha. Kipindi cha Furaha hakikuwahi kuitishwa tena. Ile saa Nyar Seme anaitumia kupimia mayai.

Najua unachofikiria: kwamba nakwambia uende ukawachekeshe watu wa maua. Hapana. Utachekesha vibaya, umenirithi mimi. Wala usiwapangie. Watu arobaini tayari wana namna yao ya kucheka. Wewe angalia tu usiifukuzie chooni. Ukiona foleni mahali pasipo na sababu, jiulize umefunga nini. Na ukikosea, kwa kuwa utakosea, liseme kosa lako wewe kwanza, kwa sauti, kabla halijawekwa kwenye ratiba.

Kuna kicheko kimoja tu sisi hatukukipa nafasi. Fundi mmoja mgeni alisimamisha vyerehani ili ajisifu kwa kumwigiza mwenzake mwenye kigugumizi. Mimi nilikuwa bado natafuta maneno ya kisupavaiza. Nyar Seme aliweka mguu kwenye pedali akaanza kushona, katikati ya maneno ya mtu. Kisha cherehani cha pili, cha tatu, vyote. Yule bwana akabaki anaongea peke yake ndani ya kelele, mdomo unafunguka na kujifunga kama samaki mbuta mchangani. Hakurudia. Mimi sikufanya lolote, na ilikuwa siku yangu bora ya usimamizi.

Lakini jambo ninalotaka kabisa kukwambia halikutokea karakanani. Lilitokea hapa nyumbani, Jumatatu ile ile, na sidhani unalikumbuka.

Ratiba nilikuwa nimebandika hapa pia, kando ya kalenda. Mstari wa saba: watoto kucheza, saa kumi na moja hadi saa kumi na moja na nusu. Nilirudi nikiwa na furaha ya kuvunja mlango, nikakukuta umekaa kwenye ngazi, mikono juu ya magoti, viatu safi. Nikakuuliza mbona huchezi.

"Nacheza, Baba," ukasema. "Bado dakika kumi."

Nimekata vibaya vitambaa vingi maishani, Awuor. Hakuna kilichoniuma kama hicho.

Mfukoni nilikuwa na kipande kirefu cha lastiki ya sketi. Nikafunga ncha moja kwenye nguzo ya kamba ya nguo, nyingine nikazungusha miguuni mwa mama yako, aliyetoka na mwiko mkononi akiuliza kama nimelewa. Nikasema, haya, nifundishe bladda, ule mchezo wenu wa kuruka lastiki. Ulinitazama muda mrefu sana. Kisha ukavua viatu. Ulinionyesha mara moja, mwepesi kama sindano, ndani, nje, kanyaga, toka. Nikaruka. Lastiki ikanishika kifundo cha mguu, nikaenda chini na tai yangu kama gunia la makaa, na kuku wakatawanyika. Nikainuka, nikaruka, nikaanguka upande wa pili. Majirani wakaja uani. Wewe ulikuwa umekaa chini kwenye vumbi, huwezi kuongea, umenyoosha kidole tu, unacheka kwa sauti ambayo mama yako aliniambia hajaisikia tangu nipande cheo. Hukuuliza ni saa ngapi. Tulirudi ndani pale tulipoacha kuiona lastiki kwa giza.

Mtoto huyo ndiye ninayempeleka Naivasha. Yule mwingine, aliyenijibu Ijumaa, ni mimi. Namfahamu vizuri, nitabaki naye hapa nyumbani nimsimamie.

Nenda, mwanangu. Ingia kwa mlango wa mbele, salimu kwa majina, na usiogope kuanguka mbele ya watu.

Ni mimi baba yako,
Omolo wa Kisian, mruka lastiki wa pili kwa ubora Nyamasaria nzima. Donge?